Namba ya Dona Altiva

Jumatatu asubuhi, ukungu wa Juni ukiwa bado umekalia mapaa ya mji wa milimani wa Friburgo, Adelmo alitoka uani kuanua soksi zake akakuta sidiria ya marehemu mkewe imeanikwa kambani.

Hakuhitaji kuishika ndipo aijue. Aliikata kwa mkono wake mwenyewe, kutoka kwenye mabaki ya lesi ya rangi ya kahawa ya maziwa ambayo wakubwa wa kiwanda walikuwa wameamuru yachomwe, maana kwa wakubwa ni heri kitu kiungue kuliko mfanyakazi akipate bure. Alikata tatu siku hiyo, zote za Marilse. Na Marilse alikuwa makaburini mwaka wa pili sasa, amekufa akingojea tarehe ya kupimwa moyo ambayo serikali ilimpangia miezi saba mbele, kana kwamba moyo nao unasoma kalenda. Marehemu hafui nguo. Nyumba ile ilibaki na watu wawili tu: Adelmo, na Dona Altiva, mama aliyemzaa Marilse, mwenye miaka sabini na minne. Kujua mwenye nguo hakukuwa kazi ngumu hata kwa mtu aliyeishia darasa la tatu.

Damu ikampanda. Droo ile yeye mwenyewe hakuwa ameifungua tangu mazishi. Aliivuta sidiria, vibanio viwili vikarukia matopeni, akashika njia ya jikoni na maneno yamemjaa mdomoni. Ila kabla hajafika mlangoni, mikono ikafanya kazi iliyoizoea. Ikaigeuza nguo ndani nje.

Wengine husoma magazeti, Adelmo alisoma nguo. Miaka thelathini na mmoja kwenye meza ya kukatia ilimfundisha kwamba nguo iliyovaliwa haimtunzii mvaaji siri. Vishikizo vya mgongoni vilikuwa vimefungwa safu ya mwisho kabisa, tena vimepinda kama misumari iliyong'olewa ubaoni. Lastiki ilishakufa. Ubavuni mshono ulipasuka ukashonwa kwa mkono, ukapasuka tena ukashonwa tena, kwa uzi mweusi wa vifungo vya makoti. Akaishia hapo kusoma. Aliyoyaona yalimtosha: aliyekuwa anaivaa hii alikuwa anafungwa kila asubuhi kama gunia la kahawa.

Dona Altiva alikuwa mezani, amekumbatia bombardino lake, lile tarumbeta nene la shaba linalolala kifuani mwa mpigaji kama mtoto aliyeshiba. Alikuwa analifuta kwa fulana kuukuu.

"Mama, hii nini?"

"Macho unayo."

"Ya nani?"

"Ya mwanangu."

"Ya mke wangu."

"Alikuwa mwanangu miaka ishirini na mitatu kabla hujamjua. Kaa, kahawa inapoa."

"Ungeniomba basi."

"Ningekuomba ungesemaje?"

"Ningekataa."

"Haya, umejijibu."

Adelmo akakaa. Akamega mkate wa mahindi, akautafuna kwa hasira, na mkate wa mahindi hautafuniki kwa hasira, unamwagika tu kifuani. Dona Altiva akamtazama akijipangusa, akamsogezea kikombe kwa huruma.

"Hii ni namba 44," Adelmo akasema. "Wewe si 44."

"Mimi 44."

"Tangu lini?"

"Tangu Marilse afe."

Adelmo akageuza kikombe mezani, akakigeuza tena.

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilikuwa 46. Halafu 50. Halafu 42, ule mwaka wa mifuko mibaya. Unauliza kama hujui."

Alijua. Friburgo inashona sidiria zinazovaliwa hadi kule Amazoni, na wanawake wake wanavaa makosa. Kiwandani kwao, kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi mlango wa nyuma ulifunguliwa, wanawake wakagawiwa mfuko wa zilizoharibika: kamba moja ndefu kuliko nyingine, ua la lesi limeangalia chini. Mfuko ukifika nyumbani ulipita kwa mama, dada, shangazi, jirani, na kila mmoja akawa namba iliyomwangukia. Mtu alisema "mimi 46" kama anavyotaja kundi lake la damu, kumbe ni namba ya Ijumaa. Mafundi walioshonea nchi nzima hawakuwahi kupimwa hata mmoja. Wakubwa wangewapima wapate nini?

Aliyepimwa alikuwa Marilse peke yake. Miaka kumi na tisa alisimama juu ya sanduku la mbao katika chumba cha majaribio, na kila sidiria ya 44 ilipita kwanza mwilini mwake ndipo karatasi ya kukatia ikashuka kwa Adelmo. Huko ndiko walikojuana. Alijua mchoro wake kabla hajajua jina lake.

"Vua hiyo uliyovaa," akasema.

"We mwanaume!"

"Namaanisha nenda chumbani, funga mlango, ivue. Vaa sweta mbili. Halafu njoo unipigie ule wimbo."

Dona Altiva akaweka fulana chini. Wimbo ule ndio uliokuwa unamnyima usingizi, na Adelmo alijua, maana ukuta kati ya vyumba vyao ulikuwa wa mbao. Jumapili ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Antonio, bendi ya mtaa ingepiga mbele ya kanisa, na katikati ya wimbo wa kwanza wa gwaride kuna mahali tarumbeta zote zinanyamaza, bombardino linabaki peke yake, hatua nane za muziki kwa pumzi moja. Dona Altiva alikuwa amepiga hatua nane zile kwa miaka arobaini na moja. Tangu mwaka jana zilikuwa zinamkatikia kwenye ya sita. Na Everaldo, kiongozi mpya wa bendi aliyeletwa na watu wa halmashauri akiwa na cheti chake cha muziki cha Rio, alimwambia mbele ya wote: Alhamisi mazoezini zikikatika tena, kiti kile atakalia mwingine.

"Zahanati wamesema ni umri," akasema Dona Altiva.

"Daktari alikusikiliza kifua?"

"Alinitazama juu ya miwani."

"Wale wakishakuuliza umri wamemaliza vipimo. Nenda kavue."

Akaenda. Akarudi amevaa sweta mbili na koti la mvua juu yake, amelikumbatia bombardino kama ngao. Akavuta pumzi, akapiga. Moja, mbili, tatu. Adelmo akahesabu kwa kidole mezani. Sita ikapita. Saba. Nane. Na sauti ikabaki imesimama jikoni, imenona, hadi mwenyewe alipoiachia.

Wakatazamana.

"Bikira Mama Yetu wa Penya," akasema Dona Altiva polepole.

"Umri gani huo unaovuliwa ukaning'inizwa nyuma ya mlango?" Adelmo akasema. "Basi Alhamisi nenda hivyo hivyo."

Uso wa Dona Altiva ukafunga. "Siendi."

"Nani atajua?"

"Mimi. Sikiliza, Adelmo. Naingia bendi ile, wanaume walisema mwanamke atapulizaje, matiti yatamzuia. Walinicheka mwaka mzima. Mzee mmoja alikuwa akikaa nyuma yangu kusudi aone kama yanacheza. Leo niende sina kitu ndani, huku kifua kinacheza na shaba inanigonga, niwape ushindi baada ya miaka arobaini na moja? Heri Everaldo achukue kiti."

Hakutania. Adelmo akageukia jiko akajifanya anaongeza kuni.

"Hakuna mtu atachukua kiti," akasema. "Sidiria nazijua mimi."

*

Kwa Neuzeli ni nyumba ya tatu kushuka mteremko. Alikuwa na cherehani nne katika gereji isiyo na gari, na kama nusu ya mtaa alijishonea mwenyewe tangu kiwanda kilipoleta mashine ya kukata na kuwaambia wakataji asanteni. Adelmo hakuwa ameshika kisu cha kukatia tangu siku hiyo. Akipita nje ya gereji ile alikuwa anatazama upande wa pili wa barabara.

"Mzee Adelmo!" Neuzeli akapiga kelele juu ya sauti ya cherehani. "Nani kafa?"

"Nipe sidiria namba 48."

Cherehani zikanyamaza.

"Una mchumba?" Neuzeli akauliza.

"Ya mama mkwe."

"Ndiyo wanavyosemaga wote."

"Neuzeli, nipe sidiria, acha maneno. Nyeusi, isiyo na waya."

Alijisikia fundi tena alipokuwa anapanda mlima na kifurushi kwapani. 44 inambana, 46 ingembana kidogo, basi 48. Angekuwa mtu wa kujipongeza angejipongeza. Dona Altiva akaingia chumbani nayo. Baadaye mlango ukafunguka nusu, kikatoka kichwa.

"Pumzi inapita," akasema.

"Nilikuambia."

"Ila huku mbele kuna nafasi ya kuweka mikate miwili na siagi."

"Kaza kamba za mabegani."

"Nimekaza mpaka zimegusa masikio. Imekunjamana kama uso wako. Nikivaa sare juu yake naonekana nimemeza mwavuli."

Akamtupia sidiria, ikamwangukia begani, akafunga mlango.

Adelmo akakaa sebuleni na sidiria mbili magotini, ile mpya na ile ya Marilse. Aibu ilimwingia taratibu, ile ya fundi, ambayo ni mbaya kuliko ya mwizi. Akaigeuza tena nguo ya Marilse, na safari hii akaisoma yote. Mgongo ulikuwa umeteswa, hayo alishayaona. Lakini vikombe vya mbele vilikuwa vizima, havikutanuka, havikuachia hata uzi. Mbele ilimkaa Dona Altiva kama ilivyomkaa Marilse mwenyewe. Asubuhi hasira ilimfanya asome nusu ukurasa akakimbilia kujibu.

Na ujinga ule hakuuzaa yeye. Nani aliyesema namba moja itawale mgongo na kifua kwa pamoja? Wakubwa. Ukiongeza mgongo, kifua nacho kinaongezeka, upende usipende, kwa sababu namba za aina tano ni rahisi kupakia kuliko za aina ishirini. Mwanamke mwenye mbavu pana na kifua cha kiasi, kwao huyo hakuzaliwa. Adelmo alilisema hilo mara moja mkutanoni, kofia mkononi. Meneja akamsikiliza mpaka mwisho, akasema: "Adelmo, wewe kata." Akakata. Miaka thelathini na mmoja akakata, mpaka yeye mwenyewe, jamani, akaenda kuomba 48 kama mtu wa dukani.

*

Jumanne alikuja mlangoni kwa Dona Altiva na futi ya kupimia shingoni.

"Huingii," akasema Dona Altiva kutoka ndani.

"Siingii. Naipitisha chini ya mlango. Unajipima, unanisomea."

"Miwani iko jikoni."

Akaenda kuchukua miwani. Miwani haikupita chini ya mlango, ukafunguliwa upenyo, mkono ukatoka ukaichukua, upenyo ukafungwa.

"Pitisha chini ya matiti, mgongoni iwe sawa, isipande. Usivute. Iguse tu."

"Themanini!"

Adelmo akaegemeza kichwa kwenye ubao. "Mama."

"Themanini imeandikwa hapa."

"Themanini ni 44. Wewe umeivuta mpaka umekuwa wa bluu. Usinidanganye, niko na wewe nyumba moja."

Adelmo alisikia kitanda kinalia, amekaa.

"Nikiwa na namba nyingine," Dona Altiva akasema kwa sauti ya chini, "za mwanangu zitakuwa hazinitoshi."

"Hazikutoshi hata sasa."

"Sasa zinanibana. Kubana ni kitu kingine. Nikifunga ile asubuhi naisikia siku nzima, hapa mbavuni. Nikipanda ngazi iko. Nikipika iko. Wewe una kaburi lako la kwenda Jumapili, unasimama pale unamtukana waziri wa afya, unarudi umepata nafuu. Mimi magoti hayanifikishi kule juu."

Adelmo alitazama rangi ya mlango ilivyobanduka. Alikuwa amedhani katika nyumba ile anayeomboleza ni yeye, na Dona Altiva anapiga tarumbeta tu.

"Alizichukia," akasema mwishowe.

"Nini?"

"Zile za lesi. Marilse. Zilikuwa zinamwasha. Alizivaa Jumapili tu ili nisinune."

Kikatokea kicheko ndani, kikaanza kidogo, kikakua, kikaishia kwenye kikohozi.

"Aliniambia!" Dona Altiva akasema. "Alikuwa akiingia humu chumbani kwangu anazivua kabla hajala. Anajikuna mgongo kwenye fremu ya mlango kama ng'ombe!"

"Na mimi niliona zimevaliwa nikajisifu."

"Ulijisifu wiki nzima. Tulikuacha."

Wakacheka wote wawili, kila mmoja upande wake wa ubao. Adelmo akajifuta macho kwa ncha ya shati.

"Haya, pima sasa. Kwa ukweli."

"Themanini na tano."

"Sawa. Sasa usiitoe. Ishike kwa vidole viwili, iache iteleze. Vuta pumzi kama unaanza zile hatua nane. Ishikilie. Soma."

Alisikia pumzi inaingia, ndefu, kama mtu anavuta droo nzito. Ikakaa.

"Tisini na moja," ikasema sauti iliyobanwa. Pumzi ikatoka. "Haiwezekani. Nimenenepa nimesimama?"

Adelmo alishaandika ukutani kwa chaki, 85, na chini yake 91, na alikuwa anazitazama namba zile kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Sentimita sita. Marilse juu ya sanduku lake alikuwa anaambiwa asipumue. "Tulia, usipumue, nasoma," ndivyo mkuu wa majaribio alivyosema kila siku kwa miaka kumi na tisa, na Marilse akatulia. Wakamkata mwanamke asiyepumua, wakamtuma nchi nzima.

"Sasa juu ya matiti, mahali palipojaa. Umeshapumua?"

"Nimepumua. Tisini na saba."

Tisini na saba mbele ilikuwa 44. Tisini na moja mgongoni ilikuwa 48. Mgongo wa 48, kifua cha 44. Nguo kama hiyo haipo kwenye jedwali la mkubwa yeyote.

"Nina namba gani?" Dona Altiva akauliza.

"Huna."

"Huna maana yake nini?"

"Maana yake nakukatia."

*

Kwanza alifikiri kurahisisha: achukue vikombe vya Marilse, afumue, atie mgongo mpya. Alipotamka tu, Dona Altiva akasimama mbele ya droo na mikono kiunoni.

"Mkasi haugusi kitu cha mwanangu."

"Ulishaishona kwa uzi mweusi wa koti!"

"Nilikuwa natibu. Wewe unataka kuchinja."

Basi ikawa mpya. Jumatano Neuzeli akamfagilia nusu ya meza, akamwekea kitambaa cha pamba cheusi chenye kuvutika kidogo, akarudi kwenye cherehani yake akimtazama kwa jicho la pembeni. Adelmo akashika chaki. Vidole vilikuwa vigumu kwa baridi na kwa mambo mengine. Mgongo aliuchora kwa rula, ulikuwa hesabu tu: upana zaidi ubavuni, lastiki laini, safu tatu za vishikizo, ili akitoa pumzi imshike na akiivuta imfuate.

Kikombe hakuwa na karatasi yake. Karatasi zote zilibaki kiwandani. Akafumba macho, chaki ikashuka, ikazunguka, ikapanda, bila kusita mahali popote. Alipofungua macho ilikuwa pale, 44 ya Marilse, na mkunjo wake mdogo upande wa kwapa ambao hakuna aliyeuona ila yeye.

Akasimama na chaki mkononi. Ikamjia kuwa ametoka kuchora kifua cha mke wake, na kwamba kitamkaa mama mkwe barabara, na masikio yakawaka moto.

"Nini, mzee?" Neuzeli akauliza.

"Vinafanana," Adelmo akanong'ona. "Mtu na mama yake."

Neuzeli akaangua kicheko mpaka mguu ukatoka kwenye pedali. "Sasa ulitaka afanane na nani, meya? Si alimtoa huyo huyo! Kata, bwana, chai inakuja."

Akakata. Kisu kiliingia kwenye kitambaa na ule mlio wake wa karatasi nzito, na mkono ukakumbuka kila kitu. Neuzeli akashona. Mara mbili Adelmo alimfumulisha, mara ya tatu akamtishia kumfukuza gerejini. Jioni haijaingia ilikuwa tayari, nyeusi, haina ua wala utepe, nguo ya kazi.

Dona Altiva aliingia nayo chumbani akatoka haraka kuliko Adelmo alivyotarajia. Amevaa blauzi ya sare, vifungo vyote. Akainua mikono. Akainama akaokota kitu ambacho hakikuwapo sakafuni. Akavuta pumzi hadi nyusi zikapanda.

"Sema basi," Adelmo akasema.

"Siisikii," akasema Dona Altiva. Kisha akakunja uso, akajigusa ubavuni mahali palipokuwa pakibanwa, akapapasa kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. "Siisikii kabisa, Adelmo."

Adelmo hakujua afurahi au amfariji, kwa hiyo akamwambia maharage yanaungua, na kweli yalikuwa yanaungua.

*

Alhamisi ukumbi wa mazoezi ulinuka mafuta ya tarumbeta na makoti yenye unyevu. Adelmo alikaa kwenye viti vya ukutani, mahali pa wake na waume wa wapigaji, kofia gotini. Everaldo alikuwa na fimbo nyembamba nyeupe na shingo ndefu, na hakumsalimia mtu aliyekaa ukutani.

"Dona Altiva, tunaanzia pale pako," akasema. "Kwa pumzi moja, tafadhali. Tumekubaliana."

"Mimi sikukubaliana na mtu, mwanangu, ila nimekusikia."

Kwenye safu ya klarineti mtu akacheka puani. Fimbo ikainuka. Bendi ikaingia, ikatembea, ikanyamaza, na bombardino likabaki peke yake. Adelmo alitazama mabega. Mabega hayakupanda. Chini yake, ubavuni, sare ilitanuka kidogo, kama mlango unaofunguliwa na mwenye nyumba. Tano. Sita, na ya sita ikapita kama si kitu. Saba. Nane.

Everaldo akashusha fimbo. "Tena."

Akapiga tena. Nane.

"Tena. Polepole zaidi."

"Polepole ya nini?" Adelmo akasema kwa sauti. "Padri kwenye maandamano anatembea hivyo? Mnamtafuta nini mama wa watu! Kapulize wewe!"

Vichwa thelathini vikageuka. Dona Altiva naye akageuka, na jicho alilompa lilimketisha kabla hajajua kwamba alikuwa amesimama.

"Samahani, maestro," akasema Dona Altiva. "Huyo ni wa kwangu. Nyumbani anatukana hadi redio. Endelea, polepole kama unavyotaka."

Fimbo ikaenda polepole kweli, polepole ya uonevu. Ilipofika hatua ya saba Adelmo akaona kano za shingo ya Dona Altiva zimesimama, na akajua pumzi imebaki kidogo sana, sasa ni yeye na mbavu zake na ile pamba nyeusi. Nane ikaingia. Akaishikilia. Kwenye karatasi noti ile ina mwisho, lakini Everaldo alikuwa bado hajashusha mkono, na Dona Altiva alikuwa anamtazama usoni bila kupepesa, sauti imesimama wima, mpaka mkono ule ukachoka wenyewe ukashuka.

Everaldo akageuza ukurasa.

"Jumapili saa tatu," akasema. "Sare safi. Wote, kutoka mwanzo."

Adelmo alingoja neno jingine, asante, pole, nilikosea. Halikuja. Hao hawanaga. Alitaka kusimama tena, lakini Dona Altiva alishaweka mdomo kwenye shaba, mashavu yamepata rangi, na alikuwa anapiga pamoja na wenzake kama msichana.

Waliporudi aliubeba yeye mfuko wa bombardino, Dona Altiva akamshika mkono kwa sababu ya mawe yenye utelezi.

"Ukimwambia mtu yeyote kuhusu nguo yangu ya ndani, nakuzika hai," akasema.

"Neuzeli anajua."

"Basi mtaa unajua. Mungu wangu." Akatembea kidogo. "Adelmo."

"Mama."

"Inakata. Kidogo. Hapa chini ya kwapa la kushoto, nikiinua kiwiko."

Adelmo akasimama katikati ya barabara, akaweka mfuko chini.

"Wapi hasa? Mbele au nyuma ya mshono?"

"Nyuma. Kama upana wa kidole."

"Unapoinua, au unapokuwa umeshainua?"

"Unauliza kama daktari."

"Daktari hakukuuliza. Inua."

Dona Altiva akainua kiwiko, barabarani, mbele ya duka la mikate, akamwonyesha juu ya koti kwa kidole. Adelmo akainamisha kichwa kupaona vizuri. Sidiria alizokata maisha yake yote zilikuwa maelfu kwa maelfu, zikaondoka kwa malori kila Jumatatu, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyewahi kurudi kumwambia inakata wapi.

"Nusu sentimita," akasema. "Kesho naitoa. Na nakukatia nyingine mbili, usiwe unafua kila siku."

"Moja iwe na ua."

"Haina ua."

"Dogo."

"Mama, ua linawasha," akasema, akaubeba mfuko, wakaendelea kupanda.